Kifafa cha mtoto mbele ya kamera: wazazi na madaktari waliridhika, lakini si kila jamaa ilionekana

Mwezi wa Machi 2020, virusi vya korona vilipofunga milango ya hospitali nyingi za Marekani kwa wagonjwa wasio wa dharura, watoto wenye kifafa, maumivu ya kichwa na magonjwa mengine ya ubongo na neva waliendelea kuhitaji daktari. Katika hospitali ya watoto ya Philadelphia, jimboni Pennsylvania, idara ya magonjwa ya neva ilihamishia kazi yake kwenye video na simu kwa haraka sana. Hesabu ilipofanywa, zilipatikana ziara 2 589 ambazo daktari na mgonjwa waliongea bila kuwa katika chumba kimoja.

Matokeo yalichapishwa mwaka huohuo katika Neurology, jarida la chama cha madaktari wa neva wa Marekani. Madaktari walisema ziara zilikuwa za kuridhisha katika 93 % ya zile walizozitolea maoni. Kwa upande wa wagonjwa na wazazi, 86 % ya majibu yalionyesha nia ya kutumia tena njia hiyo. Lakini ndani ya takwimu hizo mna habari ya pili. Karibu ziara nne kati ya kumi zilipata matatizo ya mitambo, na watoto wa jamii za walio wachache walionwa kwa video mara chache zaidi kuliko wengine. Wengi wao walibaki na sauti ya simu tu.

Jambo hilo linawahusu pia wasomaji wa Congo, ambako mtoto anayeanguka kifafa anaweza kuishi mbali sana na daktari wa neva, korona ikiwepo au isiwepo. Kabla ya kuuliza kama njia hiyo inafaa hapa, ni vizuri kuangalia ilivyofanya kazi pale ambapo umeme, intaneti na bima vipo.

Sheria zilibadilika katika siku chache

Shirika la afya duniani, OMS, lilitangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba Covid-19 imekuwa janga la dunia nzima. Siku sita baadaye, tarehe 17 Machi, serikali ya Marekani ililegeza masharti ya Medicare, bima ya wazee na watu wenye ulemavu. Kabla ya hapo, bima hiyo ililipia matibabu ya mbali hasa kwa wakaaji wa vijijini, na mgonjwa alipaswa kwenda kwanza katika kituo cha afya ili aongee na daktari kutoka huko. Sasa aliweza kubaki nyumbani kwake na daktari akalipwa. Bima nyingine nyingi zilifuata.

Serikali ilisema pia kwamba haitawaadhibu madaktari wanaotumia kwa nia njema programu za kawaida kama FaceTime au Skype, ingawa hazikutengenezwa kwa ajili ya kulinda siri za wagonjwa. Kulikuwa na kizuizi kingine, cha mipaka. Nchini Marekani, daktari anahitaji kibali cha jimbo ambamo mgonjwa amekaa wakati wa ziara. Kutoka Philadelphia, mtu akivuka mto Delaware anaingia New Jersey. Mtoto aliyezoea kupita daraja na kutibiwa bila swali alikuwa, mbele ya kamera, mgonjwa wa jimbo lingine. Majimbo mengi yalilegeza kanuni hizo kwa muda wa janga.

Kwa hiyo matibabu ya neva kwa video hayakungoja teknolojia mpya. Kamera zilikuwepo na simu zilikuwepo. Kilichokosekana ni ruhusa na malipo, na hofu ya korona ndiyo iliyovileta.

Madaktari walisema nini

Kati ya ziara 2 589 za Philadelphia, 2 093 zilikuwa za video na 496 za simu bila picha. Watafiti walizilinganisha na ziara za ana kwa ana 14 820 za kipindi cha kabla ya hapo. Baada ya ziara, daktari alijaza maswali machache: je, umeridhika? Je, mtoto huyu anaweza kuendelea kufuatiliwa hivi? Je, kulikuwa na tatizo la mitambo? Je, ni lazima aje mwenyewe hospitalini?

Mbali na ile 93 % ya kuridhika, yaani ziara 1 200 kati ya 1 286, madaktari walipendekeza video iwe sehemu ya ufuatiliaji wa mgonjwa katika 89 % ya ziara hizo 1 286. Waliona kwamba mtoto anahitaji kuja kupimwa kwa mikono katika ziara 65 tu kati ya 1 285, yaani 5 %. Kwa fani ambayo tangu zamani inafundishwa kwa nyundo ya mpira na taa ya macho, hiyo ni namba ndogo sana.

Tena, hao hao walioridhika walikutana na matatizo ya mitambo katika ziara 519 kati ya 1 314. Sauti ilikatika, picha iliganda, au mzazi hakuweza kuingia. Namna gani mtu aseme ameridhika huku mtambo umemsumbua? Sehemu ya jibu ni kwamba kuridhika hupimwa kwa kulinganisha. Katika miezi hiyo, kwa wagonjwa wengi ziara ya video haikushindana na ziara nzuri ya hospitalini. Ilishindana na kukosa ziara kabisa, au na kumpeleka mtoto mgonjwa mahali ambapo angeweza kupata korona. Daktari aliyefaulu kubadilisha kipimo cha dawa baada ya dakika kumi za kupambana na kipaza sauti aliona kazi yake imefanyika.

Hapo ndipo takwimu hizi zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Zinaonyesha kwamba njia hiyo ilifaa wakati wa shida. Hazithibitishi kwamba inalingana na ziara ya ana kwa ana katika siku za amani.

Nyundo haipiti kwenye skrini

Daktari wa neva hufanya kazi kubwa kwa kusikiliza na kutazama. Kifafa kilianza lini? Mtoto alikuwa macho au usingizini? Mkono gani ulitangulia kutikisika? Baada ya hapo aliweza kusema? Maumivu ya kichwa yanakuja upande mmoja, na mwanga unamsumbua? Maswali hayo hayahitaji chumba kimoja. Ndiyo maana wagonjwa wa kifafa wanaoendelea na dawa, pamoja na wenye kipandauso, ni kati ya wale wanaofaa zaidi kwa video.

Mengi mengine yanaonekana pia. Mgonjwa akitembea mbele ya kamera, daktari anaona mwendo wake. Akinyoosha mikono yote miwili na kufumba macho, mkono dhaifu unashuka polepole. Akitabasamu, uso unaonyesha kama upande mmoja umelala. Akigonganisha kidole gumba na cha shahada haraka haraka, wepesi wa mkono unajulikana. Mtoto mdogo anayecheza sakafuni nyumbani kwao mara nyingi huonyesha zaidi kuliko yule aliyebebwa hadi hospitalini, akaona koti jeupe na kuanza kulia.

Lakini kuna mambo ambayo kamera haifikii. Daktari hawezi kugonga goti na kuona mguu unavyoruka. Hawezi kukunja mkono wa mgonjwa ili asikie kama misuli imekaza. Hawezi kuangalia nyuma ya jicho kwa taa yake, mahali ambapo mshipa uliovimba unaonyesha kwamba shinikizo limezidi ndani ya kichwa. Kupima ganzi kwenye vidole, au kutofautisha udhaifu mdogo na mkubwa wa misuli, kunabaki kazi ya mikono. Kipimo cha umeme wa ubongo, ambacho kwa Kifaransa huitwa EEG, kinahitaji mgonjwa mwenyewe awepo na waya zibandikwe kichwani.

Kwa hiyo mgonjwa mpya mwenye miguu inayolegea siku hadi siku si sawa na mgonjwa wa kifafa anayejulikana kwa miaka mitano. Yule wa kwanza akipewa ziara ya video peke yake, anaweza kuridhika na kutabasamu, lakini ugonjwa wake ukapita bila kuonwa. Kuridhika ni kipimo cha namna mtu alivyopokelewa. Ukweli wa ugonjwa una vipimo vyake.

Simu ya mama kama chombo cha daktari

Kuna eneo moja ambamo simu ilileta kitu ambacho ziara ya kawaida haikuwa nacho. Kifafa hakingoji siku ya miadi. Mtoto huanguka jikoni, shuleni au usiku wa manane, na akifika kwa daktari yuko mzima, anacheza. Tangu zamani daktari ameamua kwa maneno ya mashahidi walioshtuka. Siku hizi mzazi anachukua video.

Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa Januari 2020 katika JAMA Neurology, kabla ya janga kuenea, ulichukua video za simu za wagonjwa 44 na kuzionyesha kwa wataalamu wa kifafa. Baadaye wagonjwa walipimwa hospitalini kwa kamera na kipimo cha umeme wa ubongo kwa pamoja, njia inayohesabiwa kuwa ya uhakika zaidi. Wataalamu walipotazama video ya simu peke yake na kusema ni kifafa, maoni yao yaliafikiana na kipimo hicho kwa karibu 89 %.

Kwa watoto wachanga, jambo hili linaweza kubadilisha maisha. Kuna aina ya kifafa inayowapata hasa katika mwaka wa kwanza. Mtoto anakunja mwili ghafla, mikono inafunguka, kisha anatulia na kurudia tena na tena, hasa anapoamka. Wazazi wengi hudhani ni tumbo linalouma au mshtuko wa kawaida. Kuchelewa kutibu kunaweza kuharibu ukuaji wa akili yake. Video ya sekunde ishirini ikimfikia daktari leo, inaweza kumfikisha mtoto hospitalini kesho badala ya miezi ijayo.

Safari iliyopungua

Wazazi wa Philadelphia hawakuulizwa wote. Majibu yaliyopatikana ni ya ziara 217, na katika 187 kati yake mgonjwa au mlezi alisema angependa kutumia tena video siku zijazo. Ni sehemu ndogo ya ziara zote, na yeyote aliyeshindwa kabisa kuungana na daktari ana nafasi ndogo ya kuwa kati ya waliojibu. Hata hivyo, sababu za kuipenda njia hiyo ni rahisi kuzielewa. Ziara ya dakika thelathini hospitalini inaweza kula siku nzima: ruhusa kazini, usafiri, ndugu wengine wa kulelewa, foleni, kisha kurudi. Kwa mtoto mwenye ulemavu anayetembezwa kwenye kiti cha magurudumu, safari yenyewe ni mateso.

Faida hiyo ilikuwa imepimwa kwa watu wazima kabla ya korona. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 uliwafuata kwa mwaka mmoja wagonjwa 195 wa ugonjwa wa Parkinson katika vituo 18 nchini Marekani. Nusu waliendelea na matibabu yao ya kawaida, nusu nyingine waliongezewa hadi ziara nne za video na mtaalamu wa mbali. Kila ziara ya video iliwaokolea dakika 88 na safari ya maili 38, karibu kilometa 61, kwa kipimo cha kati. Lakini hali ya maisha ya makundi hayo mawili haikutofautiana mwishoni. Video iliokoa muda na nauli. Haikuwafanya wagonjwa wawe wazima zaidi, wala haikuwadhuru.

Nani alibaki na sauti tu

Ziara 496 za simu bila picha ndizo zinazofundisha zaidi. Kwa daktari wa neva, tofauti kati ya video na sauti ni kubwa kuliko kwa madaktari wengi. Bila picha, mwendo haupo, uso haupo, macho hayapo. Yanabaki maneno ya mzazi.

Watafiti wa Philadelphia waliona kwamba wagonjwa wa jamii za walio wachache walipata video mara chache zaidi, ikilinganishwa na simu. Sababu zinazojulikana katika nchi hiyo ni nyingi: simu ya zamani, intaneti ya bei ghali, nyumba yenye watu wengi, mzazi ambaye kazi yake haifanyiki nyumbani, lugha isiyo ya daktari. Hilo la lugha linawagusa Wakongomani pia. Katika miaka ya kabla ya janga, RDC ilikuwa kati ya nchi za kwanza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa na Marekani, na wengi wao husema Kiswahili. Mama asiyejua Kiingereza anahitaji mkalimani awe mtu wa tatu kwenye skrini. Jambo hilo huwa gumu hata ndani ya chumba cha hospitali, licha ya kwenye mtandao unaokatika.

Kwa hiyo wastani mzuri unaweza kuficha watu wawili tofauti: mmoja aliyepata zaidi ya alichozoea, na mwingine aliyepata kidogo kuliko alichokuwa nacho.

Haikuanza na korona

Neva na televisheni vinajuana tangu zamani. Mwaka wa 1999 madaktari wawili wa Marekani, Levine na Gorman, walipendekeza katika jarida Stroke kwamba wagonjwa wa kiharusi walioko mbali waangaliwe na wataalamu kwa video, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inapaswa kutolewa katika saa chache za kwanza. Wazo hilo limeenea katika hospitali nyingi za nchi tajiri.

Katika Ireland ya Kaskazini, timu ya Belfast ilichapisha mwaka wa 2001 utafiti uliogawa wagonjwa wapya kwa bahati nasibu: wengine walionwa ana kwa ana, wengine kwa video. Wagonjwa wa video walitumwa kufanyiwa vipimo vingi zaidi, kana kwamba daktari asiyeweza kugusa hutafuta uhakika katika maabara. Wagonjwa waliridhika kwa kiasi kinachofanana, isipokuwa katika mambo mawili: wale wa video walikuwa na wasiwasi zaidi juu ya siri zao, na waliona haya zaidi.

Kule Tromsø, kaskazini mwa Norway, wagonjwa 402 wenye maumivu ya kichwa yasiyo ya dharura walifuatwa kwa mwaka mmoja. Baada ya miezi 12, maumivu ya wale walioonwa kwa video hayakutofautiana na ya wale walioonwa ana kwa ana. Watafiti walikadiria kwamba ingehitajika ziara 20 200 za video ili ugonjwa mmoja wa hatari uliojificha nyuma ya maumivu hayo upite bila kugunduliwa kwa sababu ya video. Lakini ilikuwa kwa maumivu ya kichwa, katika nchi ambayo mgonjwa huonwa kwanza na daktari wa kwao na anaweza kupigwa picha ya ubongo.

Siri na aibu

Wasiwasi ule wa Belfast unastahili kukumbukwa Goma, Bukavu au Lubumbashi. Kifafa kina aibu yake hapa. Kuna jamaa zinazokificha kwa hofu kwamba binti hataolewa, au kwamba majirani watasema ni uchawi au pepo. Kuna wanaoamini kwamba mate ya anayeanguka yanaambukiza, jambo ambalo si kweli. Katika nyumba ya vyumba viwili, nani anasikia daktari anapouliza kuhusu mimba, pombe au mawazo ya kujiua? Hospitali ina mlango unaofungwa. Nyumba nyingi hazina.

Daraja kati ya simu na kituo cha afya

Kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini RDC kilitangazwa tarehe 10 Machi 2020 mjini Kinshasa. Tarehe 24 Machi rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura, safari kati ya Kinshasa na majimbo zikasimamishwa, na mtaa wa Gombe ukafungwa kuanzia tarehe 6 Aprili. Huko Beni na Butembo, watu walikuwa bado hawajamaliza na Ebola, ambayo mwisho wake katika eneo hilo ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020. Wakaaji wa kule walikwisha kujifunza maana ya kuogopa hospitali.

Kwa magonjwa ya neva, umbali ulikuwepo tangu mbeleni. Takwimu za OMS za mwaka wa 2017 zinaonyesha kwamba nchi maskini zina wataalamu wa neva na upasuaji wa ubongo 0,1 kwa kila watu 100 000, wakati nchi tajiri zina 7,1. OMS inasema pia kwamba watu karibu milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba 70 % yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa vizuri. Katika nchi maskini, robo tatu hawapati matibabu yanayotakiwa. Kinshasa ina kituo cha CNPP cha chuo kikuu. Lakini mgonjwa wa Ituri au Bas-Uele, ambako kifafa kinachohusiana na minyoo ya upofu wa mtoni kimechunguzwa na watafiti, hawezi kupanda basi asubuhi na kufika huko jioni.

Mfano wa konzo unaonyesha vizuri nini kinawezekana na nini hakiwezekani. Ugonjwa huo, unaojulikana sana upande wa Kwango na Kwilu, hupooza miguu ghafla kwa watu wanaokula muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha, na haurudi nyuma. Alama yake ya kwanza, mwendo wa miguu iliyokaza, inaonekana kwenye video ya simu yoyote. Alama nyingine, goti au kifundo cha mguu kinachoruka kupita kiasi, inahitaji nyundo. Daktari wa mbali hana mkono wa kuishika, lakini muuguzi wa kituo cha afya anao, akifundishwa.

Hapo njia ya Congo inaweza kutofautiana na ile ya Philadelphia. Kule, mgonjwa aliachwa nyumbani na daktari akaingia sebuleni kwake kwa video. Hapa, jambo lenye maana zaidi linaweza kuwa mgonjwa kufika katika kituo cha afya kilicho karibu, muuguzi akampima, kisha wote wawili wakaongea na mtaalamu. Mahali pasipo na mtandao wa kutosha kwa video ya moja kwa moja, picha na maelezo vinaweza kutumwa na jibu likaja baadaye. Njia hiyo ilitumiwa tangu mwaka wa 1999 na kituo cha kurekebisha watu waliopooza mjini Dhaka, Bangladesh, kilichotuma maswali kwa barua pepe kwa madaktari wa Uingereza kupitia shirika la Swinfen.

Kuna gharama ambazo hazimo katika takwimu za Philadelphia. Hapa mgonjwa hulipa mega zake mwenyewe, na simu inahitaji umeme ili ichajiwe. Ni mwaka huohuo wa 2020, mwezi wa Septemba, ambapo serikali ilianza kukata ushuru wa RAM kwenye vitengo vya wenye simu, ushuru uliolalamikiwa sana hadi ukafutwa mwaka wa 2022. Na hata ziara ikifaulu, dawa lazima iwepo. Daktari bora wa Kinshasa akiandika fenobarbital kwa video na duka la kijiji halina, mgonjwa ameridhika bure.

Kabla ya kuongea na daktari kwa simu

OMS ilimaliza hali ya dharura ya Covid-19 tarehe 5 Mei 2023. Mwaka mmoja mbele, Mei 2022, nchi wanachama zilikuwa zimepitisha mpango wa miaka kumi, hadi 2031, juu ya kifafa na magonjwa mengine ya neva. Huko Marekani, ruhusa nyingi zilizotolewa kwa haraka Machi 2020 ziliongezwa muda mara kwa mara, na video imebaki kati ya njia za kawaida za kufuatilia mgonjwa.

Kwa jamaa itakayotumia simu, mambo machache husaidia popote pale. Mtu akianza kuanguka, kwanza alindwe: alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe, na kitu chochote kisitiwe mdomoni. Mtu mwingine aangalie saa. Kifafa kikipita dakika tano, ni dharura ya hospitali na wala si ya video. Kama kuna mtu wa tatu, achukue video ya mwili mzima, uso na mikono ikionekana, na asisimamishe mpaka mgonjwa azinduke. Siku, saa na muda viandikwe kwenye daftari, pamoja na majina ya dawa zote na siku ambazo zilikosekana.

Na mgonjwa ambaye upande mmoja wa mwili umelegea ghafla, mdomo umepinda au maneno yamepotea, asingoje mtandao urudi. Apelekwe hospitalini mara moja.